Kivumbasi Kisichoshukuriwa

Juzi nimesema neno nililoapa tangu utotoni kwamba halitatoka tena kinywani mwangu, mlangoni kwangu. Nimesema "hakuna".

Mke wa jirani alikuja asubuhi, jua limeshapanda, mtoto mgongoni anachemka homa. Akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akautandaza upindo wa kanga yake mbele yangu bila neno jingine, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Nikainuka, nikazunguka nyuma ya nyumba kwenda kuchuma kivumbasi. Nikakuta ardhi tupu imepigwa jembe, na mifuko miwili ya saruji imesimama pale kilipokuwa kivumbasi changu. Mjukuu wangu, Mungu amzidishie akili, ameng'oa "magugu" ili ajenge ngazi ya mlango wa uani. Magugu! Ameyachoma pamoja na makuti mabovu, na bado harufu ilikuwa inafuka jaani. Nikarudi mbele mikono mitupu, nikalisema lile neno.

Nimegomba, mwenzangu. Nimegomba hata sauti ikanikauka, na mjukuu amesimama na mwiko wa saruji mkononi ananitazama tu. "Bibi, si majani tu hayo? Dawa zipo zahanati." Ni kweli zipo, na yule mama nilimwambia aende huko, akaenda, na mtoto amepata nafuu, alhamdulillahi. Sigombi kwa ajili ya homa. Nagomba kwa ajili ya lile neno na habari iliyo nyuma yake, na wewe uliyekuja kunipoza hutanipoza mpaka nikusimulie. Vuta mkeka ukae.

Kijiji chetu kilikuwa njia ya Pande, ndani kidogo, mahali ambapo samaki hufika asubuhi kwa kichwa cha mtu na ukichelewa kuamka huli samaki siku hiyo. Nyumba ya bibi, mzaa baba, ilikuwa ya mwisho kabla ya mashamba. Mbele alipanda mrehani, nyuma alipanda kivumbasi. Watu wa siku hizi wanavichanganya, wanaviona ni kitu kimoja. Si kimoja, ni ndugu. Mrehani una harufu tamu, laini, ni wa maharusi na wageni na maulidi. Bibi alichuma vijani vichache akavitupa kwenye mbaazi za nazi chungu kikiwa karibu kuepuliwa, akafunika upesi ili harufu isitoroke. Akifunua, hata mtu aliyekwisha kula kwao huvuta kigoda. Nimekula mbaazi nyingi tangu hapo na sijala tena mbaazi zile. Na mtu akifa kijijini, mrehani wa bibi ndio uliokwenda kuwekwa penye maiti, kwa hiyo ulitusindikiza pande zote mbili.

Kivumbasi ni kikali. Ukikivuta puani kwa nguvu machozi yanakutoka. Hicho ndicho cha kazi. Jioni bibi alitupa kitawi juu ya makaa, moshi ukatanda uwanjani, mbu wakahama. Mafua, kivumbasi. Tumbo la kusokota, kivumbasi kilichochemshwa, unywe kikiwa cha moto na usikunje uso maana bibi atakuongeza kikombe cha pili. Homa ya mtoto, majani yanapondwa kwenye kinu kidogo, yanavurugwa ndani ya maji, mtoto anaogeshwa kichwa mpaka nyayo naye analia kama anachinjwa, kisha analala. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchuma na kuponda. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, mapya hayajatoka, na vidole vyangu vilikuwa kijani siku zote. Chuoni mwalimu wetu wa Kurani alijua nimefika kabla sijatoa salamu.

Sasa sikiliza desturi, kwa maana bila desturi hii hutaelewa hasira yangu. Kivumbasi cha bibi hakikuombwa wala hakikushukuriwa. Ukija, unaamkia, unatandaza upindo wa nguo yako, basi. Bibi anauliza neno moja tu, "Nani?" Unamtaja mgonjwa. Anachuma, anakutilia, unaondoka hujasema ahsante. Ukisema ahsante, umeiharibu dawa. Mgonjwa akipona, unarudi na konzi moja ya mtama kutoka shambani kwako, unaitumbukiza kwa mkono wako mwenyewe katika chungu kikubwa kilichokaa pembeni mwa jiko, mtama ukilala juu ya majani makavu ya kivumbasi ili wadudu wasiuguse. Hakuna aliyesimamia nani ameleta na nani hakuleta. Bibi alisema, "Aliyepona anajijua."

Ule mtama haukuliwa. Ulikuwa mbegu. Mwaka ukizunguka, mvua za kwanza zikitoa harufu, bibi alikiburuta chungu uwanjani, akamimina maji, akavuruga humo majani mabichi ya kivumbasi yaliyopondwa, akaiacha mbegu ilowe kutwa na kucha. Alisema mbegu iliyolala na kivumbasi siafu hawaifukui. Asubuhi yake kila nyumba ilikuja na kifuu chake ikachukua mbegu ya mstari wa kwanza wa shamba. Kwa hiyo kila shamba kijijini lilianza na mtama wa kila shamba, na kila mstari wa kwanza ulikuwa umetoka kwa watu waliougua wakapona. Sisi watoto tulipigania kuchovya mikono humo. Maji yalikuwa ya kijani, baridi, na mtama unateleza kati ya vidole.

Huko ndiko nilikozaliwa. Kisha wakaja kutufundisha pamba.

Mimi Wadachi, mnaowaita Wajerumani siku hizi, niliwaona mara chache. Niliyemwona kila siku alikuwa akida wao, waliyemweka kutuamrisha kwa niaba yao. Na hapa ndipo damu inaponichemka mpaka leo, uzee huu wote. Mdachi ni mgeni, anatoka asikojua mtu, hajui mtama wala ulezi. Akida alikuwa mtu wa pwani kama sisi, anasali kama sisi, anakaa safu ya mbele msikitini na sauti yake ya kuitikia amina unaisikia mpaka nje. Nyumba yake ilikuwa mwendo mfupi kutoka kwetu, kuvuka korongo. Asubuhi watu wake walipita na viboko wakiwatoa watu majumbani, wanaume kwa wanawake, kwenda shamba la pamba la serikali. Mama yangu alikwenda. Baba alikwenda. Mashamba yetu yakabaki na nguruwe. Aliyekataa alilazwa kifudifudi akala fimbo hamsa ishirini mbele ya watoto wake, na jioni mkewe alikuja kwetu na upindo wa nguo. Bibi anauliza, "Nani?" Halafu anatukana matusi ambayo siyasemi hapa, huku anachuma.

Hata akida naye alikuja. Mtoto wake wa pekee wa kike, mkubwa kwangu kidogo, alishikwa na homa siku tatu, na mkewe akaja, mwanamke mpole, mwembamba, akatandaza upindo wa kanga kama wengine wote. Homa haikushuka. Kesho yake akida mwenyewe alimbeba mtoto mpaka kwetu. Namwona mpaka sasa, kanzu nyeupe imelowa mapajani, amepakata kichwa cha mwanawe na bibi anamwagia maji ya kivumbasi kwa kata. Akasema, "Mama, uniponyee huyu, sina mwingine." Bibi akaendelea kumwagia. Mtoto akalala, jasho likamtoka. Bibi akampakulia akida ugali wa mtama na mbaazi, akala, akaongezwa, akauliza ni nini kinachonukia vizuri hivi, tukamwambia mrehani.

Alipoondoka alisema ahsante. Bibi aliruka. "Usiniharibie!" Akida akacheka, akasema tena kwa makusudi, "Ahsante, mama, ahsante sana." Mtoto akapona hata hivyo, na mke wa akida akaleta konzi yake ya mtama, nikamwona kwa macho yangu haya akitia mkono chunguni. Katika maisha yake yote bibi alishukuriwa kwa mdomo na mtu mmoja tu. Na shukrani ya punda unaijua.

Vita vya kuwapiga Wadachi wengine wamevisimulia kuliko nitakavyoweza mimi. Kwetu vilianza kama minong'ono kisimani: kuna dawa, kuna maji, ukiyapata risasi ya Mdachi inageuka maji. Wanaume wakaenda Ngarambe kuyachukua, na baba yangu akaenda nao, akarudi na kijichupa cha mwanzi shingoni na macho yanayong'aa. Nilimpenda kwa yale macho. Alikuwa ametembea mabega yameinama tangu siku alipochapwa, na sasa yalikuwa yamenyooka. Bibi akamwambia, "Mwanangu, maji ninayoyajua mimi yanashusha homa. Hayajawahi kumzuia hata siafu aliyekusudia." Waligombana, na baba hakuwa mtu wa kugombana na mama yake. Akaondoka na wenzake bila kula. Hakurudi, wala wa vijiji vingine waliopita wakikimbia hawakutueleza zaidi ya kwamba walikuwa wengi na bunduki zilikuwa nyingi zaidi. Bibi alikaa msiba wa mwanawe akiwa na hasira, na mimi nadhani hasira hiyo niliirithi kutoka kwake nzima nzima.

Kwa hiyo nakuomba ukumbuke: katika kijiji chote, mtu aliyeyapinga yale maji waziwazi alikuwa bibi.

Askari walipita vijijini wakichoma maghala. Tuliona moshi upande wa Matumbi, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Lakini mvua ikatoa harufu, na mvua haijui vita. Bibi akasema tukifa njaa mwakani hatutasema tulikuwa na shughuli. Akakiburuta chungu uwanjani, nikaponda majani, tukalowesha mbegu. Ilikuwa siku ya Alhamisi.

Ijumaa asubuhi watu walikuwa uwanjani na vifuu vyao wanangoja kugawiwa, walipotokea askari kutoka korongoni, na Mdachi mmoja juu ya nyumbu, na akida mbele anaonyesha njia. Hakuna aliyepata nafasi ya kukimbia. Tulikusanywa tukachuchumaa. Yule Mdachi alikijua Kiswahili cha kuamrisha. Akasema anamtaka mtu aliyegawa dawa ya maji katika kijiji hiki, akitolewa yeye, nyumba hazitachomwa. Watu wakasema kwetu hayupo, na walisema kweli, dawa ilitoka mbali na waliokwenda kuichukua wote walikuwa wamekufa. Ndipo macho yake yakaangukia chungu.

Akateremka, akatazama ndani. Maji, majani, mtama. Mwenzangu, ile dawa ya vita nayo ilikuwa maji na mtama, na hilo Wadachi walikuwa wamekwisha kuligundua. Akauliza, "Chungu cha nani?"

Bibi akasimama. "Changu. Ni mbegu, bwana. Ya kupanda leo." Kisha akamgeukia akida, na hakumwita akida. "Mwanangu, mwambie. Hiki unakijua. Ulimwogesha mwanao hapa hapa."

Sasa weka moyo wako mahali pa akida kama unaweza. Mimi nimejaribu miaka yote hii. Mdachi anamtazama. Askari wanamtazama. Kijiji chake kimetoa watu kwenda vitani chini ya pua yake, na bwana wake anataka mtu wa kunyonga. Akisema ni mbegu, ataulizwa basi dawa iko wapi na wewe ulikuwa wapi. Najua aliogopa. Sisi sote tuliogopa! Lakini sisi tulikuwa tumechuchumaa, yeye alikuwa amesimama. Waswahili husema asiyekujua hakuthamini. Yule alitujua. Alikuwa na harufu ya kivumbasi kile puani wakati ule ule anafungua kinywa.

Akasema, "Ndiyo yenyewe, bwana mkubwa. Hii ndiyo waliyokunywa."

Yule Mdachi akatugeukia sisi, akauliza nani mwingine ametia mtama katika chungu hiki, anyooshe mkono. Kila mtu pale alikuwa ametia. Mwenye mgongo ulioponywa, mwenye mtoto aliyeponywa, mke wa akida aliyekuwa amekuja na kifuu chake na kusimama nyuma ya wengine. Kama mikono yote ingenyooka, angetunyonga wote? Huenda. Huenda angeona kijiji kizima chenye watoto na vifuu, akaelewa ni mbegu. Sijui. Hakuna mkono ulionyooka. Mimi nilifungua kinywa, wallahi nilifungua, na mama akaniziba kwa kiganja chake, akanibana kichwa kifuani mpaka nikakosa pumzi. Kiganja kilinuka kivumbasi.

Askari mmoja akakipiga chungu teke, kikalala, mbegu zikatambaa na maji uwanjani kote. Bibi akafungwa mikono. Hakulia, hakuapiza, hakutuaga. Alimtazama mama yangu akasema, "Mbegu zimekwisha kulowa. Zisikauke."

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwetu. Tulisikia baadaye kwamba alinyongwa Kilwa pamoja na wanaume. Mwingine akasema hakufika, alifia njiani shingo ikiwa mnyororoni. Kaburi lake sijaliona, na mrehani uliosindikiza maiti wote wa kijiji haukumsindikiza mwenyewe.

Nyumba hazikuchomwa, ila maghala yalichomwa, kwa hiyo ahadi ya Mdachi ilikuwa nusu. Walipoondoka, mama alipiga magoti uwanjani akaanza kuokota mtama kwenye tope, punje moja moja. Nikapiga magoti naye. Mmoja mmoja wale majirani walionyamaza nao wakaja wakapiga magoti, na hapo mimi nikasimama nikawapigia kelele watoke, watoke kwenye mbegu za bibi. Mama akanivuta chini kwa mkono. "Okota," akasema. "Ni zao." Tukaziosha, tukazigawa vifuuni kama siku zote, zikapandwa siku ile ile. Nilikasirika na mama kwa hilo kuliko nilivyomkasirikia Mdachi. Mdachi sikumtegemea chochote.

Njaa iliyofuata usiniulize. Tulichimba mizizi ya porini, ile ambayo ukikosea kuiloweka inakuua. Vijiji vya jirani vilihama au vilikwisha. Sisi tuliona mtama wetu unapanda katikati ya masika, mwembamba, kila nyumba mistari yake michache. Hakuna aliyekuwa na kitu zaidi ya hicho ila akida, aliyepata chakula chake bomani. Njaa haikumfikia. Homa haina habari na boma.

Siku moja mama alikuwa shambani anafukuza ndege. Mimi nilikuwa nyumbani peke yangu, ninaponda kivumbasi cha kujipaka maana mbu wa mwaka ule walikuwa wengi mno. Kivumbasi kilikuwa kimejaa nyuma ya nyumba, kirefu kuliko mimi, hakikujua kwamba mwenyewe hayupo. Nikasikia hodi. Nikatoka. Alikuwa mke wa akida, miguu imejaa tope la korongo, amefunga kanga ovyo. Hakungoja nimwamkie. Akautandaza upindo.

Mimi nilikuwa mtoto, lakini mlangoni pale nilikuwa mwenye nyumba. Nilijua kinachotakiwa. Ilikuwa niulize, "Nani?" Sikuuliza, nilijua ni nani, alikuwa na mtoto mmoja tu. Nikamwona akida na kanzu yake iliyolowa. Nikamsikia akisema ahsante, mama, ahsante sana. Nikasema, "Hakuna."

Vidole vyangu vilikuwa kijani. Harufu ilikuwa imejaa mlango mzima, imemfikia puani kama ilivyomfikia mumewe siku ile. Alinitazama vidole, akanitazama uso. Desturi haikumruhusu kuomba, naye hakuomba. Aliukunja upindo wake taratibu akaufunga kiunoni, akageuka.

Yule msichana alizikwa kabla ya Ijumaa. Labda kivumbasi kisingemponya, homa ya mwaka ule iliua wengi waliooga kivumbasi asubuhi na jioni, na watoto wa hospitali siku hizi nao hufa. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Haikusaidii kitu kujiambia jambo kama hilo.

Nilimweleza mama mwenyewe, kwa majivuno. Nilidhani atanisifu. Nilidhani tumelipa kisasi. Mama alikaa chini kwenye kizingiti, akajishika kichwa kwa mikono miwili, na nikamsikia akisema, si kwa ukali, "Kumbe walikuwa hawajammaliza bibi yako. Leo ndiyo wamemmaliza." Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Tulivuna. Siku tuliyoweka chungu kipya pembeni mwa jiko, mke wa akida alikuja tena. Alikuwa amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Alikuwa na konzi ya mtama mkononi. Akaingia mpaka jikoni bila kukaribishwa, akautumbukiza chunguni kwa mkono wake, na mkono ukabaki humo kwa muda. Kisha akamwambia mama, "Siku ile mkono wangu ulikuwa umetia mtama katika chungu kile, na sikuunyoosha. Nimekuja kusema." Mama akamjibu, "Na wangu." Wakakaa hapo, wanawake wawili, wajane wa mambo mawili tofauti, maana huyu mume wake alikuwa hai lakini sidhani alikuwa naye tena.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kivumbasi kijani mkononi. Ilikuwa zamu yangu. Watu wazima wamekwisha kusema yao, imebaki ya mtoto: mama, kilikuwepo, nilikunyima. Alikuwa anajua, lakini kujua si sawa na kuambiwa. Akapita karibu yangu akitoka, akanigusa kichwani. Nikanyamaza. Hasira yote niliyo nayo kwa akida, kwa Mdachi, kwa majirani na viganja vyao juu ya magoti, nikiifuata mpaka mwisho wake nafika hapo mlangoni, na mnyamavu ni mimi.

Wadachi waliondoka, Waingereza wakaja, nao wakaondoka. Akida alikufa mzee, kitandani, watu wakamsomea hitima na wakala wakashiba. Kijiji kimehama karibu na barabara. Chungu kilivunjika na hakuna aliyetia mtama katika kingine. Siku hizi ukimpa mtu kivumbasi anakwambia ahsante, ahsante sana bibi, na humwoni tena. Mimi nimewafundisha wachache tu, kama yule mke wa jirani. Wengine wananiona nimerukwa na akili.

Ukinisikia nagomba kwa ajili ya magugu, sasa umejua. Tangu nilipoolewa, kila nyumba niliyokaa nimepanda kivumbasi nyuma, nikakilinda na mbuzi, na kiangazi, na wakwe, ili tu mtu asije mlangoni kwangu nikakosa la kumtilia. Miaka yote hiyo. Na juzi, kwa ajili ya ngazi, nimemtazama mwanamke mwenye mtoto anayechemka nikasema lile lile neno, kwa sauti ile ile, na upindo ukakunjwa mbele yangu kwa namna ile ile.

Mjukuu wangu nilimsimulia habari hii yote jana. Leo alfajiri ameihamisha mifuko yake ya saruji, amepiga tuta kwa mikono yake, amekwenda mpaka Pande kwa miguu kutafuta miche. Amerudi nayo imefungwa kwenye jani la mgomba, kumi na kitu, imelegea kwa jua. Akanipa mmoja nipande mimi. Ndipo nikamwambia aache kwanza, anishike mkono tuvuke barabara, nina neno la kumwambia mke wa jirani.

Nilimkuta anatwanga. Nikamwambia, "Mwanangu, kilikuwa hakipo kweli. Nakuapia kilikuwa hakipo." Akacheka, akasema najua, bibi, mbona unalia? Si yeye niliyekuwa namwambia.